Mashimo Kumi na Moja ya Mama Vumilia

Mwinjilisti Meshack alipohamishiwa kwetu Mwabulengo kutoka upande wa Bukombe, alikuja na baiskeli, godoro, na ramani ya nchi za Biblia ambayo aliibandika kwenye ukuta wa ofisi ya usharika bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi ndiye katibu wa usharika, mwalimu mstaafu, na kwa miaka yote ukuta ule umekuwa na kalenda yangu. Nilihamisha kalenda. Ningejua ramani ile ingetufikisha wapi, ningeibandua siku hiyohiyo nikawashia jiko.

Lakini sitaki kuandika habari za Meshack, maana hana habari za kuandikwa. Nataka kuandika habari za Mbuke, tunayemwita Mama Vumilia. Bahati mbaya huwezi kumweleza Mbuke wa siku hizi bila kumpitisha Meshack katikati, kama vile huwezi kuchambua mchele bila kushika chuya.

Mbuke alizaliwa Tinde, akaolewa huku na Ngassa mwaka wa mvua za El Ninyo. Ngassa alikuwa mchimbaji wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoshuka wima hadi mtu aliye chini huoni hata tochi yake. Mwanamke haruhusiwi kusogelea duara. Wanasema dhahabu itakimbia. Mawe yakishapandishwa juu, hata hivyo, dhahabu haijali tena ni nani anayetwanga, na kutwanga ndiyo kazi inayovunja mgongo, basi kazi hiyo wakaachiwa wanawake. Mbuke alipokea mgawo wa mumewe kwa viroba, akaupeleka nyuma ya kanisa letu, mahali penye mwamba mpana uliolala kama mkeka, akaanza kutwanga kwa kipande cha ekseli ya lori.

Mchungaji wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alimruhusu kwa mdomo. Enzi zile mdomo wa mchungaji ulitosha.

Ngassa alifukiwa na duara mtoto wa tatu akiwa na miezi minne. Mbuke alikaa matanga, akanyolewa, akarudi kwenye mwamba na viroba vya kununua. Kuna mashine za kusagia mawe, tunaziita karasha, ziko nyingi tu barabara ya kwenda Bugarama. Lakini mwenye karasha hubaki na marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja ambao bado una dhahabu ndani, na kwa mtu mwenye viroba viwili kwa juma, marudio ndiyo uji wa watoto. Juu ya mwamba kila chembe ilikuwa yake. Kwa mwamba ule amewasomesha Vumilia, Masele na Asteria, na Asteria bado yuko chuo cha uuguzi.

Ekseli ikipiga mahali pamoja miaka miwili mitatu, mwamba wenyewe unaliwa, linatokea shimo la mviringo, laini ndani kama bakuli la kauri. Shimo likizidi kina, mawe hayarukiruki tena vizuri, hivyo unahama hatua moja na kuanza jingine. Baada ya miaka ishirini na saba kulikuwa na mashimo kumi na moja. Kila mtu Mwabulengo aliyajua. Watoto wetu walicheza humo bao la mchanga Jumapili wazazi wakiwa ibadani.

Ndipo Meshack, katika mwaka wake wa nne hapa, siku moja akapanda mwamba ule akiwa na Biblia kwapani, akayaona mashimo, na badala ya kuuliza akafikiri. Mtu wa namna ile asiachwe afikiri peke yake.

Alirudi ofisini jasho linamtoka. "Katibu," akaniambia, "Sulemani alipata wapi dhahabu?"

"Ofiri," nikasema. Nimefundisha shule ya Jumapili, siwezi kukosa hilo.

"Na Ofiri iko wapi?"

"Sijui."

"Wataalamu nao hawajui," akasema, akagonga ramani yake kwa kidole. "Kama hawajui iko wapi, nani awezaye kusema si hapa?"

Hiyo ndiyo hoja nzima, sijapunguza kitu. Watu wa Hiramu, mfalme wa Tiro rafiki wa Sulemani, walikuja na merikebu, wakapanda kutoka pwani, wakafika Geita na Msalala, wakatwanga mawe ya dhahabu juu ya mwamba wetu, wakarudi Yerusalemu. Nilicheka. Mchungaji wetu Donatus hakucheka. Huyu ni kijana mwenye suti tatu, na tangu afike kwetu anaota mabasi ya mahujaji yakiegesha mbele ya kanisa. Katika mwezi mmoja kamati ya majengo ilikuwa imeshanunua seng'enge, mwamba umezungushiwa, lango limetiwa kufuli, na bango la bati limesimamishwa, kubwa kama meza ya kulia, rangi ya samawati, kingo zake zimekunjwa kwa nyuma vizuri na fundi. Liliandikwa: OFIRI YA BIBLIA. MAHALI PATAKATIFU. VUA VIATU.

Mbuke alikuwa amekaa juu ya mwamba ule kwa kandambili tangu kabla Meshack hajapata kipaimara.

Alikwenda kwa Meshack kumweleza. Meshack alimsikiliza kwa ule upole wa kulazimisha anaoutumia kwa wagonjwa, kisha akamwambia, "Mama, ninyi mliyakuta tayari yapo, mkayatumia bila kujua." Mbuke akaenda kwa Mchungaji, naye akamwambia aandike barua kwa kamati. Akaja kwangu.

Hapa inanibidi niseme la kwangu. Barua ya kuiomba serikali ya kijiji itambue eneo lile niliandika mimi. Mchungaji alitamka, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na nilipoliona neno Ofiri limekaa vizuri juu ya karatasi nikalipenda. Mimi ni jirani ya Mbuke. Mlio wa ekseli yake umeniamsha asubuhi kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilimwambia, "Subiri, Mama Vumilia, kamati itakaa." Akanitazama, akasema, "Haya, mwalimu," akaenda zake. Naona haya nikiandika maneno hayo, na ni haki yangu nione.

Na si mimi peke yangu. Wazee wa kanisa walijua, kwaya ilijua, mpiga kengele alijua. Jumapili tuliyotangaziwa Ofiri tulisema amina kanisa zima, na baadhi yetu tulikuwa tumekaa na watoto waliovunjia meno ya utotoni kwenye mashimo yale.

Kwa miezi miwili Mbuke hakutwanga. Viroba vyake tisa vilipangwa uvunguni mwa kitanda chake, na ekseli akaileta jikoni mwa kanisa, ikawa inazuia mlango usijifunge kwa upepo.

Basi semina ikaja. Watumishi wa makanisa ya Kilutheri wa ukanda wetu, wainjilisti, walimu wa shule ya Jumapili na wachungaji, hukutana kila mwaka siku tatu, na safari hii mada ilikuwa theolojia ya Biblia na akiolojia. Mchungaji Donatus alipigania ifanyike kwetu, na kila mtu alijua kwa nini. Walikuja watu arobaini, kutoka Tinde, Mwadui, Geita mjini na kwingineko, kila mmoja na begi lake na neno lake la utangulizi. Mkufunzi alikuwa Dk. Ansgar, mzee mkavu kutoka chuo cha theolojia cha huko kaskazini, mwenye brashi ndogo mfukoni kama ya kupakia rangi viatu. Siku ya kwanza alizungumza saa tatu juu ya vigae vya vyungu. Wachungaji watatu walilala, mmoja akakoroma, na mkufunzi akaendelea tu kama mtu aliyezoea.

Lakini alisema jambo moja ambalo mimi nililiandika. Alisema mwanaakiolojia mbaya huchimba akitafuta kitu anachokitaka, na mzuri huchimba akitafuta kilichopo. Wote tukaandika. Meshack aliandika na kupigia mstari kwa rangi nyekundu, maana alidhani anasifiwa yeye.

Siku ya pili ilikuwa ya maswali, na hapo ndipo niliposhuhudia watumishi wa Mungu wakinyang'anyana Agano la Kale. Meshack aliuliza Ofiri ilikuwa wapi. Dk. Ansgar akajibu kwamba haijulikani kwa hakika, yapo mawazo mbalimbali. Meshack akaketi na kutabasamu kwa watu wote kama aliyepewa hati ya kiwanja. Mwinjilisti wa Mwadui hakukubali kupitwa. Akasimama, akasoma habari za kifuko cha kifuani cha Haruni, akafika penye almasi, akafunga Biblia na kuuliza kama Mwadui nayo haistahili bango. Yule wa Geita mjini akadai kwamba kama ni Ofiri, basi makao makuu yake yalikuwa kwao. Dk. Ansgar alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema tutaonana kesho kwenye ziara ya mafunzo.

Ziara yenyewe ilikuwa mwendo wa hatua mia mbili, kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye mwamba. Meshack alifungua kufuli kwa mikono miwili. Watu arobaini wakavua viatu, wakasimama juu ya jiwe la moto la saa nne, wakibadilisha miguu. Mbuke alikuwa katika zamu ya jikoni pamoja na akina mama wenzake, naye ndiye aliyekuwa ametumwa kuleta chai. Alisimama langoni na birika na beseni la maandazi, kwa kuwa alikuwa na kandambili na hakuruhusiwa kuingia.

Meshack akaanza. Alisema mashimo ni kumi na mawili, sawasawa na makabila ya Israeli.

Nikahesabu kwa macho. Yalikuwa kumi na mawili kweli. Nilidhani uzee unanichezea.

Alionyesha kutu ndani ya mashimo, akasema hiyo ni alama ya vyombo vya chuma vya Hiramu. Alionyesha shimo moja lililoinama upande, akasema limeinama kuelekea kaskazini, nako ndiko Yerusalemu iliko, ili mtumwa anayetwanga awe kama anasali. Kuna mtu nyuma yangu alisema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya chini. Mchungaji Donatus alikuwa akipiga picha.

 Dk. Ansgar alipiga magoti, suruali ya kitambaa kizuri kwenye vumbi, akapitisha brashi ndani ya shimo la kwanza, akanusa, akahamia la pili. Alikaa sana kwenye lile lililoinama. Kisha akainua kichwa.

"Mmewauliza wenyeji?" akasema.

 Watu arobaini walitazama miguu yao ikiungua.

"Nani hapa ni mwenyeji?" akauliza tena, na macho yake yakanikuta mimi, kwa kuwa nilikuwa na daftari. "Mwalimu, wewe?"

Nilitazama daftari langu. Niliandika tarehe ya siku ile, ambayo nilikuwa nimekwisha kuiandika. Miaka thelathini na nne nimewachapa watoto wa watu kwa kutojibu swali ambalo jibu wanalijua.

Mbuke aliweka birika chini. Akavua kandambili, akazipanga pembeni ya lango, akaingia.

"Shikamoo, baba," akamwambia Dk. Ansgar, ambaye kwa umri hakumzidi sana.

"Marahaba, mama."

"Hili ulilolishika ni la Vumilia," akasema Mbuke. "Nililianza nina mimba yake. Lile la pili na la tatu ni ya Masele, alikuwa mtoto wa kuugua, nilitwanga mchana nikauza jioni. Hili la nne lina kina kuliko yote. Ni la mwaka aliokufa Baba Vumilia. Nilikuwa natwanga kwa hasira."

Dk. Ansgar alitumbukiza mkono katika la nne. Uliingia hadi karibu na kiwiko.

"Na hili lililoinama?" akauliza.

"Hilo si langu. Ni la wifi yangu Paskalia, alinisaidia miaka miwili kabla hajaolewa Ushirombo. Ni mtu wa mkono wa kushoto."

Mwinjilisti wa Mwadui alianza kukohoa, na kikohozi kile kikaendelea kwa muda mrefu. Meshack akasema, kwa ule upole wake wa wagonjwa, kwamba Mama Vumilia ni mama mwema sana, lakini kumbukumbu za watu wazima huchanganyika, na kwamba uchunguzi lazima uzingatie kutu. Mbuke hakubishana naye. Alitoka, akaenda hadi jikoni, tukasikia mlango ukijibamiza, akarudi na ekseli begani. Akaisimamisha ndani ya shimo la kumi na moja. Ikakaa. Akaizungusha kwa mikono miwili, haikugusa huku wala kule, na alipoinyanyua na kuiachia ukatoka ule mlio ninaoamkia, ambao sikuwa nimeusikia kwa miezi miwili. Sikujua kama nimeukosa. Machozi yalinilenga mbele ya watu, na nikajitia kufuta miwani.

"Kwa hiyo mashimo kumi na mawili ni kazi yenu," akasema Dk. Ansgar. Alikuwa akiandika haraka.

"Kumi na moja," akasema Mbuke.

Alikwenda hadi lile la mwisho, karibu na bango. Lilikuwa fupi, halifiki hata kiganja, na ndani yake mwamba ulikuwa mweupe, wa mikwaruzo.

"Hili silijui," akasema. "Halina kutu. Halina hata ulaini. Hili halijafikisha hata mwezi."  Kisha akageuka, na hakuwa na hasira hata chembe, alikuwa kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau sokoni. "Mwinjilisti, ulikuja kuniazima nyundo na tindo. Ulisema unatengeneza mlango wa choo. Tindo langu hujalirudisha."

Meshack alifungua mdomo. Nilimtazama kwa raha, nakiri, kwa raha kubwa. Alisema huenda shimo lilikuwa limefunikwa na udongo, yeye akalisafisha tu. Dk. Ansgar akaelekeza brashi kwenye mikwaruzo na kusema, "Patasi au tindo, la karibuni."  Watu walianza kuvaa viatu mmoja mmoja bila kuambiwa.

Mchungaji Donatus ndiye aliyeokoa jahazi, kama anavyojua kuokoa. "Tumshukuru Mungu kwa ushuhuda wa mama yetu," akasema. "Sasa tukapate chai." Kwenye picha ya pamoja walimwomba Mbuke asogee kidogo kwa sababu ya vazi la jikoni. Dk. Ansgar akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama alikosogezwa Mbuke, na mpiga picha ikabidi awafuate. Ni hilo tu nililompenda yule mzee, hilo na magoti yake.

Jioni Mchungaji aliniletea muhtasari aliouandika mwenyewe ili niunakili. Kuhusu mwamba ulisema: mjadala ulikuwa wa kujenga, mashimo yalichongwa na wenyeji wasiojulikana, kamati itaendelea kutafakari.

Kamati ilitafakari wiki tatu. Bango lilibaki, fundi alikuja kufuta tu maneno "ya Biblia" na kuacha "Ofiri", kana kwamba uongo ukipunguzwa unakuwa mradi. Meshack alitembea na uso mkavu, akahubiri juu ya kuvumilia dharau. Viroba tisa vilibaki uvunguni, na Asteria akapiga simu kutoka chuoni mara mbili kuulizia ada.

Jumatatu ya wiki ya nne Mbuke alikuja ofisini na ekseli begani. Tulisalimiana. Aliangalia ramani ya Meshack ukutani, akatafuta kwa jicho, nadhani alikuwa akitafuta Tinde.

"Mwalimu, nisomee nilivyoandikwa," akasema.

Nilimsomea. Wenyeji wasiojulikana.

"Nimebatizwa ukubwani kwenye kanisa hili," akasema. "Nimefungia ndoa hapa. Mume wangu mmemzika nyinyi. Jina langu liko kwenye daftari lako la sadaka kila Jumapili." Hakupandisha sauti. "Sijulikani na nani?"

 Nilianza kusema kwamba nitaandika barua nyingine kwa kamati, nieleze vizuri, na aya ya kwanza nilikuwa nimeshaifikiria.

"Barua ulishaandika, mwalimu. Leo nipe ufunguo."

Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye droo yangu tangu siku seng'enge ilipofungwa. Miezi mitatu ulikuwa pale, karibu na mkono wangu, kila nilipomwambia asubiri. Nilimpa. Alinishukuru, na ile shukrani iliniuma kuliko kama angenitukana. Nilichukua kalamu, nikafuta maneno "wenyeji wasiojulikana" kwenye muhtasari, nikaandika jina lake lote na jina la Paskalia, nikapiga muhuri kabla Mchungaji hajarudi kutoka mjini.

Kufika saa sita, mlio ulikuwa umeanza. Nilikwenda kuangalia. Lango liko wazi, kufuli amelitundika kwenye seng'enge kama nguo iliyoanikwa. Bango ameling'oa, hakulivunja, amelilaza juani kifudifudi juu ya mawe manne, na kwa kuwa fundi alilikunja kingo vizuri limekuwa sinia zuri sana, ameanika humo unga wa mawe uliolowa. Ukisimama upande wa kanisa husomi kitu.

Mchungaji alikuja, akaona, akaangalia saa yake, akakumbuka ana ibada ya nyumbani kwa mtu. Kamati haijakaa tena juu ya jambo hili. Meshack ameomba uhamisho, na tindo amelirudisha kwa kumtuma mtoto.

Lile shimo la kumi na mbili halifai kutwangia, ni fupi na limechongwa ovyo. Mama Vumilia amelijaza maji, na kuku wake wanakunywa humo.